Nani Alifuata Nani? Uhakiki wa picha za pomboo na ndege wa pwani

Wasomi wenzangu, tuanze na neno lenyewe. Sisi wa Goma, Bukavu, Uvira na Lubumbashi, wengi wetu tunasema tu «dauphin», juu mnyama mwenyewe hakai kwetu na jina lake la pwani halikupanda mpaka huku. Watu wa Unguja wanamwita pomboo. Kwa macho anafanana samaki, lakini si samaki: anazaa, ananyonyesha, anapumua hewa kama mimi na wewe. Kwa hiyo lazima apande juu ya maji kila mara kuvuta hewa, na ile nafasi ndogo, sekunde moja ao mbili, ndiyo nafasi ya mpiga picha. Karibu kila picha ya pomboo iliyopigwa kutoka kwenye boti ni picha ya mnyama aliyekuja kupumua.

Na picha hizo zimejaa. Likizo kubwa ikifika, mtu aliyepata nafasi ya kufika Zanzibar anatutumia bahari, mchanga mweupe, pomboo akiruka, ndege elfu hewani. Sisi tunanunua mega, tunafungua, tunaweka moyo, tunapitisha kwa wengine. Hakuna ubaya. Lakini sisi watu wa shule, wenye tulifundishwa kusoma shairi, kusoma jedwali, kusoma hukumu ya tribinali, picha hatuisomi. Tunaiangalia tu, kiisha tunapita. Leo nataka tuisome. Sitamkosoa mpiga picha fulani kwa jina, nakosoa mtindo. Na swali langu ni moja: nani alifuata nani?

1. KIZIMKAZI, KUTOKA CHAMBO MPAKA PICHA

Tuchukue fasi moja yenye inajulikana. Kizimkazi ni kijiji cha wavuvi, kusini ya kisiwa cha Unguja. Ni fasi ya zamani sana. Msikiti wake una maandishi ya mwaka 1107. Katika maji ya pale wanaishi pomboo wa aina mbili. Aina ya kwanza ndiyo hao wa picha nyingi, wenye mdomo kama chupa, wenye mara nyingine wanasogea karibu na boti bila kuogopa. Aina ya pili wana nundu mgongoni, ni wenye haya zaidi, wanakaa karibu na ufuko, na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limewaweka kati ya wanyama walio hatarini kuangamia.

Zamani wavuvi wa huko walikuwa wanawinda pomboo. Nyama yake ilikuwa chambo cha kukamatia papa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watalii wakaanza kuja kuwaangalia, na pole pole watu wakaona kwamba pomboo mzima anaingiza feza siku nyingi, wakati pomboo wa chambo anaingiza mara moja tu. Mvuvi akageuka nahodha wa watalii. Mwaka 1997 ghuba ya Menai, yenye iko upande huo, ikawekwa kuwa eneo la hifadhi.

Weka jambo hili kichwani kabla hatujaanza kukosoa. Picha zilisaidia kumtoa pomboo kwenye ndoano. Mtu akisema «hizi picha ni upuzi wa watalii», hajui historia. Zilikuwa na kazi, na kazi ile ilikuwa kubwa. Ninachouliza ni kama leo zinaendelea kuifanya.

2. PICHA NNE ZENYE ZINARUDIWA

Ukikusanya picha mia za pomboo na ndege wa pwani zilizopigwa kutoka kwenye boti ndogo, utakuta ni picha nne tu zenye zinarudiwa.

Ya kwanza: pomboo ameruka, mwili wote hewani, maji yanamwagika kama shanga. Ya pili: mapezi matatu ao manne mbele ya boti, yamepigwa kutoka juu, na pembeni unaona miguu ya mtalii ao kamba ya nanga. Ya tatu: mtu amevaa miwani ya kuzamia, ako ndani ya maji, na chini yake kivuli cha pomboo kinaondoka. Ya nne haina pomboo: ni fungu la mchanga katikati ya bahari, na ndege wote wako hewani kwa pamoja, kama mtu amerusha karatasi juu.

Zote nne zina kasoro moja. Boti haionekani, ao inaonekana ncha yake tu. Wewe mtazamaji unawekwa pale boti iko, unaangalia kwa macho ya boti, na kwa hiyo boti yenyewe huioni. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Picha inakuambia: hapa kuko bahari, mnyama, na wewe. Kumbe hapo kulikuwa bahari, mnyama, moteri, mafuta, nahodha, watalii sita wenye walilipa, na pengine boti zingine tano zenye zimezunguka kundi lile lile, zimekatwa tu na ukingo wa picha.

Sasa soma ile ya pili, ya mapezi. Angalia yanaelekea wapi. Pomboo akija kwako, utaona paji la uso na mdomo. Akiondoka, utaona mgongo na mkia. Kwa picha nyingi za mtindo huu tunaona migongo na mikia. Maandishi ya chini yanasema «walitusindikiza». Mikia inasema kitu kingine: ni nyinyi mlikuwa mnawasindikiza, tena kwa nguvu ya moteri.

Hili si hisia zangu tu. Watafiti walifuatilia pomboo wa kusini ya Unguja kwa miaka, wakalinganisha wanachofanya wakiwa peke yao na wanachofanya boti za watalii zikiwepo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Boti zikiwepo, pomboo wanapumzika kidogo zaidi, wanakula kidogo zaidi, wanacheza pamoja kidogo zaidi. Wanachozidisha ni kusafiri. Kwa lugha ya kitaaluma ni «kusafiri». Kwa lugha ya nyumbani ni kuhama fasi.

Na kupumzika kwa pomboo si jambo la kuchezea. Hawezi kulala kama sisi, juu akizimia kabisa atashindwa kupanda kupumua. Analala nusu ya ubongo, nusu ingine inalinda. Wakati huo kundi linakaribiana, linaogelea pole pole, linazama na kupanda kwa mpango. Ukiwa kwenye boti, kundi hilo linaonekana ni zawadi: limetulia, liko pamoja, unajua litatokea wapi. «Nahodha, hawa ni wapole, sogea!» Kumbe unagonga mlango wa mtu amelala, na unamsifu kwa kufungua haraka.

3. HESABU YA LENZI

Tufanye hesabu kidogo, ya sekondari tu.

Chukua kamera kubwa yenye lenzi ya milimita 400. Pomboo ako umbali wa mita 30. Fremu inachukua upana wa mita 2.7. Pomboo mkubwa wa Kizimkazi ana urefu wa karibu mita 2.5. Yani mnyama mmoja anajaza picha yote, na boti bado iko mbali.

Sasa chukua simu. Kamera ya kawaida ya simu inaona kwa upana kama lenzi ya milimita 26 hivi. Kwa mita zile zile 30, fremu inachukua zaidi ya mita 41. Pomboo anakuwa sehemu moja ya kumi na sita ya upana wa picha, alama nyeusi kwenye maji. Kusudi simu itoe picha sawa na ile ya kamera kubwa, boti inapaswa kufika mita 2 kutoka kwa mnyama. Mita mbili! Huko Marekani, mwongozo wa serikali unaomba boti zikae yadi 50 kutoka kwa pomboo, karibu mita 46.

Unaona sasa? Umbali umeandikwa ndani ya picha. Ukipewa picha ya simu, safi, bila kukuzwa, na pomboo amejaa kutoka ukingo mpaka ukingo, picha hiyo imekuambia boti ilikuwa wapi, hata kama mwenye kuituma hakusema. Kinachopungua kwenye lenzi kinalipwa na moteri, na kinacholipwa na moteri kinalipwa na pomboo.

Lakini hapo lazima tuwe wa haki. Kuko jibu la pili. Pomboo anaweza kuja mwenyewe. Wanapenda kupanda wimbi lenye boti inasukuma mbele yake, wanakuja, wanacheza dakika chache, wanaondoka. Picha ya karibu ya pomboo aliyekuja ni picha halali, na ni nzuri kuliko zote. Ndiyo maana siulizi tu «ulikuwa mita ngapi?». Mita peke yake hazitoshi. Nauliza nani alifuata nani.

Na mwenye kujua jibu mara nyingi si mpiga picha, ni nahodha. Yeye ndiye anaamua kuja kwa ubavu na mwendo sawa na wa kundi, ao kuja kutoka nyuma kama anafukuza. Ndiye anaamua kukata katikati ya kundi, mama upande huu na mtoto upande ule, ao kuzunguka mbali. Ndiye anajua kwamba kuongeza na kupunguza moteri ghafla kunaogopesha kuliko mlio mmoja wa chini wenye haubadiliki. Mpiga picha anachagua kasi ya kamera, sehemu moja ya elfu ya sekunde kusudi tone la maji lisimame hewani. Anapiga magoti kusudi mtetemo wa boti usiingie mkononi. Anaacha jua nyuma yake. Hiyo ni kazi, siidharau. Lakini mahusiano na mnyama yanatoka mkononi mwa mwenye kushika moteri. Picha hii ina waandishi wawili, na sisi tunasoma jina la mmoja.

Tena nahodha huyo yuko kwenye shida. Boti imejaa watu wenye walilipa kusudi waone karibu. Akikaa mbali, watanuna, na siku ingine watachukua boti ya jirani. Wanakuja na picha ya mtu mwingine ndani ya simu: «tunataka kama hii». Hapo utaona nguvu ya mtindo. Picha ya jana ni oda ya leo.

4. NDEGE WENYE WANARUKA WOTE

Tuje kwa ile picha ya nne, juu ndiyo inasifiwa kuliko zote na ndiyo inaficha zaidi.

Pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia karibu mwezi wa nane mpaka wa nne, inapokea ndege kutoka mbali sana. Kuko vitwitwi, wale wadogo wa miguu myembamba wenye wanakimbia kwenye tope. Aina moja yao inataga kule Siberia, inavuka mabara, inakula kwetu, kiisha inarudi. Kuko ndege mweupe na mweusi wa mdomo mnene, mla kaa, mwenye anataga kwenye mashimo ya mchanga pande za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, halafu anakuja kupitisha miezi kwenye fukwe za Kenya na Tanzania, kwa mfano Mida, karibu na Watamu. Hawa wote wanaishi kwa saa ya maji. Maji yakitoka, wanatawanyika kwenye tope kula. Maji yakijaa, tope linafunikwa, na wote wanabanana kwenye fungu dogo la mchanga lenye limebaki kavu. Pale hawali. Wanangoja, wamesimama kwa mguu mmoja, kichwa ndani ya manyoya.

Ni saa hiyo ya maji kujaa ndiyo boti inaweza kufika karibu. Na ni saa hiyo ndiyo mtu anasema: «waruke kidogo, tupate picha».

Soma picha ile. Ndege wakiwa wametulia, kila mmoja anaangalia fasi yake: huyu analala, huyu anachana manyoya, huyu anaangalia maji. Wakianza kuogopa, shingo zote zinanyooka na vichwa vyote vinageuka upande mmoja. Wakiruka wote kwa pamoja, kitu kimewarusha: mwewe, mbwa, ao wewe. Ukiona picha ya ndege elfu hewani na hakuna mwewe, tafuta boti. Iko pale pale umesimama.

«Lakini watarudi chini tu.» Ndiyo, watarudi. Lakini ndege mwenye kujiandaa kuruka mpaka Siberia anahesabu mafuta ya mwili wake kama dereva wa lori anavyohesabu mazuti kabla ya kuingia njia mbaya. Kuruka bure mara moja si kitu. Kuruka bure mara kumi kwa siku, kila boti ikitaka picha yake, ni safari yenye inaanza na tangi nusu.

Kwa ndege wenye wanataga ni mbaya zaidi. Kusini-mashariki ya Unguja, mbali ndani ya bahari, kuko kisiwa kidogo cha Latham, chenye kinaitwa pia Fungu Kizimkazi. Ni tambarare, hakina mti. Pale wanazaliana ndege wa bahari, kati yao wale weupe wakubwa wenye uso mweusi, na buabua wa aina mbalimbali. Kwenye kisiwa kisicho na mti, kivuli cha yai ni mama yake. Mama akirushwa, yai linabaki na jua la ikweta. Picha ya mbawa elfu hewani juu ya kisiwa kama kile ni picha ya mayai yenye yameachwa wazi, sema tu mayai hayamo ndani ya fremu.

Mpiga picha mwenye subira anafanya kinyume. Anazima moteri mbali, anaacha boti isukumwe na maji, anasimama shingo ya kwanza ikinyooka. Anapata picha ya ndege wamelala. Haina kelele, haitapata mioyo elfu moja. Lakini ndani yake utaona mambo yenye picha ya mbawa haikupi hata siku moja: nani anasimama karibu na nani, nani mkubwa nani mtoto, nani amepoteza mguu na bado anaishi.

5. TABASAMU

Neno fupi juu ya maandishi ya chini ya picha. «Wanatabasamu.» «Wanatufurahia.»

Pomboo hatabasamu. Mdomo wake umeumbwa hivyo, mfupa na mafuta. Anao uso ule ule akiwa anacheza, akiwa mgonjwa, na akiwa amekufa ufukweni. Kuruka nako hakuna maana moja. Anaweza kuruka akicheza, akifukuza samaki, akiwasiliana na wenzake, akitaka kujitoa samaki mdogo wenye kujibandika kwenye ngozi, ao akiwa amesumbuliwa. Picha moja peke yake haiwezi kukuambia ni lipi. Mwenye kuandika «furaha» hakuisoma kwenye picha. Aliitoa mfukoni mwake akaibandika. Kama mwanafunzi angeandika hivyo kwenye memware, jurii ingemuuliza: ushahidi uko wapi?

6. PICHA MBAYA YENYE NI NZURI

Sasa nataka nisifu picha moja yenye hakuna mtu anaituma kwa rafiki.

Ni picha ya pezi la mgongo. Upande mmoja tu, kutoka ubavu, mwanga wa kawaida, maji ya kijivu. Hakuna uso, hakuna kuruka. Ukingo wa nyuma wa pezi una makovu, vipande vyenye vilikatika: meno ya mwenzake, kamba ya wavu, pengine pangaboi. Hiyo tu.

Katika miaka ya 1970, Bernd na Melany Würsig walikuwa wanawachunguza pomboo kwenye pwani ya Argentina, wakagundua kwamba makovu hayo yanatosha kumtambua kila mmoja. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1977. Wakati huo huo, kule Kanada, Michael Bigg alikuwa anafanya vile vile na nyangumi wauaji. Kabla ya hapo, kwa macho ya watu wengi pomboo alikuwa «pomboo»: wingi, kundi, umati. Baada ya hapo akawa fulani. Huyu tulimwona mwaka jana na mtoto. Huyu ana kovu jipya, alikutana na wavu. Huyu hajaonekana tena. Njia hiyo ilitumika pia Unguja, na bila njia kama hiyo ni vigumu kujua kundi lina wangapi na kama wanapungua.

Kwa nini nasema ni picha nzuri, si ya maana tu? Juu inajibu swali letu kwa umbo lake. Kusudi upate pezi safi kutoka ubavu, lazima boti iende sambamba na mnyama, mwendo wake, mbali kidogo. Ukifukuza kutoka nyuma, utapata ukingo mwembamba wa pezi, huwezi kusoma kitu. Yani picha yenyewe inakataa adabu mbaya. Na boti ndogo inasaidia: jicho lako liko karibu na maji, unamwona pomboo kwa usawa, kama jirani mwenye anapita kwenye njia yake. Meli kubwa inakupa mgongo wake kutoka juu, kama ramani. Uzuri wa aina hiyo haukupigi usoni. Unakuja ukiangalia mara ya pili, ukijua kwamba kila mkato ni siku moja ya maisha ya mtu. Nimesema mtu. Naliacha hivyo.

7. SISI TUKO NA MFANO

Mtasema: hiyo ni bahari ya watu, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu, juu picha mbili za wanyama za Congo zenye dunia inazijua kuliko zote zinatufundisha jambo lenye wapiga picha wa pwani wanasahau.

Ya kwanza ni ya mwaka 2007, ya Brent Stirton, kule Virunga. Gorila mkubwa Senkwekwe ameuawa, amefungwa kwenye miti, na watu wengi wamembeba mabegani wakishuka naye. Ya pili ni selfi ya mwaka 2019: mlinzi wa mbuga, na nyuma yake Ndakasi na Ndeze wamesimama wima kama watu kwenye foto ya promosheni. Dunia ilicheka. Kiisha mbuga ikalazimika kueleza: hawa ni yatima, wanalelewa katika kituo, mtu haruhusiwi kumkaribia gorila wa msituni hivi. Mama zao waliuawa mwaka 2007. Ndakasi mwenyewe alikufa mwaka 2021.

Zina nini pamoja? Ndani ya zote mbili mtu amebaki ndani ya picha. Mabega yenye yanabeba yanaonekana. Mlinzi anaonekana. Huwezi kujidanganya kwamba mnyama alikuwa peke yake na wewe. Hata ile selfi, yenye inaweza kupotosha, inakulazimisha uulize: huyu mtu anafanya nini karibu hivi? Na ukiuliza, jibu linakupeleka mpaka kwenye vita. Picha ya pomboo akiruka haikulazimishi kuuliza chochote.

8. «LAKINI SISI TUKO NA SIMU TU»

Najua pingamizi lenye linakuja, na ni la kweli. Hesabu yangu ya lenzi inaonekana inamhukumu masikini. Mwenye lenzi ya maelfu ya dola anakaa mbali na anaitwa mwenye maadili. Kijana mwenye simu anasogea na anaitwa msumbufu. Je, adabu ni ya matajiri?

Hapana, kwa sababu mbili. Moja: lenzi kubwa haimzuii mtu kuongeza feza kusudi nahodha asogee zaidi. Wako wenye lenzi ya milimita 400 na bado wanataka jicho la mnyama lijae fremu. Mbili, na hii ndiyo nataka mshike: simu ina picha yake yenye kamera ile haiwezi kupiga. Simu inaona kwa upana. Basi iachie upana. Piga boti, mkono wa nahodha kwenye moteri, uso wa mwenzako mwenye amesahau kujipanga, maji, ufuko wa mbali, na pale, kidogo, pezi moja linatoka na kurudi. Mnyama ni mdogo ndani ya picha hiyo, juu ni hivyo alivyo ndani ya bahari. Sisi watu na moteri yetu ni wakubwa, juu ni hivyo tulivyo. Simu haiwezi kuileta bahari karibu, lakini inaweza kuonyesha ukweli wa nani alikuwa wapi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo picha yenye inakosekana katika zile picha mia.

Na hii si ya bahari peke yake. Pwani yetu ya Atlantiki, pale Banana na Muanda, ni fupi, haifiki kilomita 50, lakini ina mbuga ya mikoko tangu mwaka 1992, na boti ndogo zinapita katikati ya mikoko hiyo. Kwenye maziwa yetu vilevile: mwenye kupanda pirogi Uvira, Kalemie ao Vitshumbi na simu mkononi, ndege mbele yake, ako kwenye swali lile lile.

Wengi wenu hapa mtafanya kazi zenye picha zinapita mkononi: mashirika, mbuga, redio, ofisi za utalii, ripoti za wafadhili. Ni wewe utachagua ya jalada. Ni wewe utaandika mstari wa chini. Usiandike «furaha». Usiandike «walitusindikiza». Andika vitu vyenye mtu anaweza kuvipima: saa 1 asubuhi, mita 40, moteri imezimwa, walikuja wenyewe, walikaa dakika nne, wakaondoka. Na jina la nahodha, akikubali, liandikwe kando ya jina la mpiga picha. Kama huwezi kuandika mstari huo juu jibu lake ni aibu, basi umeisha kuisoma picha. Chagua ingine.